Namna ya Kumbeba Aliyeanguka Mkarafuu: Ujue Uti wa Mgongo Kabla ya Kumgusa

Mkarafuu uliokomaa hupita mita 10, na karafuu nyingi huwa kwenye matawi membamba ya juu, ambako mchumaji hukanyaga kwa unyayo mmoja huku mkono ukivuta tawi jengine kwa ngowe. Kila msimu Pemba wapo wanaoanguka. Mtu anaweza kufika chini miguu yake ingali inasikia, kisha akapooza mikononi mwa wale wale waliomkimbilia kumsaidia, kwa sababu mmoja alimshika makwapani, mwengine akamshika magotini, na mgongo ukajikunja katikati kama jamvi. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya hao wanaokimbilia, na unaanza na mifupa, kwani mkono unaojua kilichomo ndani ya mgongo hauna pupa.

Sisi tunasema "uti wa mgongo" kwa vitu viwili, yaani safu ya mifupa na kamba laini ya neva iliyopita ndani yake, na mchanganyo huo huwapotosha wengi. Humu nitauita mfupa uti wa mgongo, na ile kamba nitaiita ugwe.

Chukua tasbihi ndogo ya punje 33, kwa kuwa idadi hiyo ndiyo idadi ya pingili, yaani vipande vya mfupa vya uti wa mgongo, ambazo mwanadamu huzaliwa nazo. Saba za mwanzo ni za shingo, 12 zinazofuata ni za kifua na kila moja imebeba jozi ya mbavu, 5 ni za kiuno, nazo ndizo nene kuliko zote. Tano nyengine huungana ukubwani zikawa mfupa mmoja baina ya nyonga, na za mwisho, ambazo kwa kawaida ni 4, ndizo kifandugu. Kila pingili isiyoungana na nyengine, isipokuwa ya kwanza kabisa ya shingo, ina sehemu nene mbele, inayobeba uzito, na upinde nyuma, na baina ya viwili hivyo mna tundu. Matundu yakipangana huwa mfereji, na ugwe umo humo kama uzi wa tasbihi, ila uzi huu haufungi chochote: kazi ya kufunga ni ya kano, misuli na zile diski 23 zilizokaa baina ya pingili mfano wa mito.

Ugwe wenyewe una unene unaokaribia kidole cha mwisho, ni laini, umefunikwa kwa utando wa tabaka tatu na unaelea katika maji. Urefu wake kwa mwanamme mzima ni kiasi cha sentimita 45, hivyo haufiki chini ya mgongo. Sababu ni kwamba mtoto anapokua mifupa huutangulia ugwe, na unapokoma, kwenye pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno, huendelea fungu la mizizi ya neva iliyoning'inia kama mkia wa farasi. Ndiyo maana daktari anayechoma sindano ya ganzi kwa mama anayepasuliwa uzazi huchoma chini ya hapo, ambapo mizizi husogea na kuipisha sindano, na hofu ya akina mama kwamba sindano ile hutoboa ugwe haina msingi.

Mahali hapo pajulikane kwa vidole. Mwambie mwenzako, aliye mzima, akae na kuinama kidogo. Nundu inayojitokeza zaidi chini ya shingo kwa kawaida ni pingili ya 7. Kisha weka viganja juu ya mifupa ya nyonga, kushoto na kulia, na uvikutanishe vidole gumba mgongoni: hapo ni karibu na pingili ya 4 ya kiuno. Panda pingili tatu. Umefika kwenye ya kwanza ya kiuno, chini kidogo ya zinapoanzia mbavu za mwisho.

Papo hapo ndipo wanaoanguka kutoka juu huvunjika mno. Kifua kimeshikwa na mbavu na hakipindi sana, kiuno hupinda, na nguvu inayopanda kutoka visiginoni au makalioni hukutana na kifua kigumu ikaishia kwenye kiungo hicho. Kwa hiyo aliyeangukia miguu na kusema kwamba kinachouma ni kisigino tu, mhesabu kuwa ameumia mgongo mpaka picha ya eksirei iseme vyengine. Aliyesimama na kutembea hatua mbili naye alazwe, maana mfupa unaweza kuvunjika na ugwe ukasalimika kwa muda, mpaka kipande kisogee.

Shingo ina hatari yake. Neva zinazoendesha kiwambo cha kupumulia hutoka kwenye ugwe wa shingo, usawa wa pingili ya 3 hadi ya 5, na zinazoendesha mikono huanzia usawa wa 5 kwenda chini. Basi la kwanza ni kutazama pumzi. Asiyepumua afunguliwe njia ya hewa kwa kusukuma taya mbele bila kukikunja kichwa nyuma, na akandamizwe kifua, kwani uhai hutangulizwa mbele ya mgongo.

Akiwa anapumua, mtu mmoja apige magoti kichwani na kukishika kwa viganja viwili, na asikiachie mpaka aliyeanguka afungwe kwenye ubao wa kumbebea. Asikalishwe, asipewe maji, asiwekewe mto. Muulize kama anasikia unapomgusa nyayo, mwambie atikise vidole vya miguu na vya mikono, ukariri jibu na saa.

Machela hakuna shambani, lakini mlango upo, nao ndio ubao wa kumbebea. Kitanda cha kamba kisitumike, kwa sababu hubonyea katikati, na kubonyea ndiko tunakokukimbia. Mfungue pakacha na kamba ya kiunoni, mtoe funguo na simu mifukoni, kwani asiyesikia hajui kuwa kitu kinamchimba, na kidonda cha mgandamizo huweza kuanza ndani ya saa chache. Watu watatu wapige magoti upande mmoja: wa kwanza ashike bega na nyonga, wa pili ashike kiuno na goti, wa tatu ashike paja na kifundo cha mguu, mikono ya majirani ikipishana. Anayeshika kichwa ndiye mwenye amri, hata kama waliopo wamemzidi umri. Atasema, "Bismillahi, moja, mbili, tatu," na wote watamgeuza kuelekea kwao kama gogo, pua na kitovu vikielekea upande mmoja muda wote. Mtu wa tano ausukume mlango nyuma ya mgongo, kisha kwa hesabu ile ile arudishwe chali. Kanga mbili zilizokunjwa zikae kushoto na kulia ya kichwa, na kiwiliwili kifungwe kwanza, kichwa mwisho. Mfunike shuka, kwani aliyeumia ugwe hupoteza joto hata chini ya jua. Akitapika, mlango na mtu vigeuzwe ubavu kwa pamoja.

Gari iende polepole hadi hospitali iliyo karibu, iwe Wete, Chake Chake au Abdulla Mzee ya Mkoani. Safari ya kwenda Unguja, kwenye madaktari wa upasuaji wa uti wa mgongo wa hospitali ya Mnazi Mmoja, iamuliwe na daktari baada ya kumtuliza mgonjwa, si na jamaa bandarini. Anayemkabidhi aseme mambo manne: ameanguka kutoka urefu gani, ameangukia nini, saa ngapi, na vidole vyake vilitikisika au havikutikisika alipokuwa bado chini ya mkarafuu. Jibu hilo la mwisho ndilo daktari atakalolilinganisha na anachokiona mbele yake, na hakuna atakayeweza kumpa isipokuwa aliyekuwapo.