Kabla hujafungua mgahawa: fidia unayoweza kudaiwa na mtu usiyemjua

Ukienda kukodi fremu ya mgahawa, iwe Dar es Salaam, Mwanza au Mbeya, watu watakukumbusha leseni, TIN, kodi ya miezi kadhaa mbele na mashine ya EFD. Ni wachache watakaokuuliza: mteja akiteleza kwenye marumaru yako iliyolowa akavunjika nyonga, nani atalipa, na atalipa kwa mali ipi? Swali hilo huja baadaye, mahakamani, na wakati huo jibu lake limeshaandikwa na yale uliyofanya au uliyoacha kufanya tangu siku ya kufungua. Nayaandika haya kwa ajili ya Tanzania Bara. Zanzibar ina sheria zake.

Sheria inayohusika huitwa sheria ya madhara. Haihitaji mkataba kati yako na aliyeumia, wala haingoji polisi wakukamate. Anayedai anatakiwa kuonyesha kwamba ulikuwa na wajibu wa kumwangalia asidhurike, ukauvunja, na kuvunja huko ndiko kulikomletea hasara. Atashinda ushahidi wake ukiwa mzito kuliko wako. Si lazima auondoe kila wasiwasi kama ilivyo kwenye jinai. Na ukishalipa faini ya afya halmashauri, usidhani deni la mteja limekwisha. Hayo ni mambo mawili.

Sehemu kubwa ya sheria hii hatukuitungia kitabu kimoja bungeni. Tuliirithi kutoka Uingereza kupitia kanuni zilizokuwa zikitumika huko kufikia tarehe 22 Julai 1920, kisha mahakama zetu zikaendelea kuijenga. Kesi ambayo kila mwanafunzi wa sheria huanza nayo inamhusu mtengenezaji wa vinywaji. Agosti 1928, mjini Paisley, Scotland, mwanamke mmoja alinunuliwa na rafiki yake kinywaji cha tangawizi katika chupa isiyopenya mwanga. Alidai kwamba baada ya kunywa kiasi, masalia ya konokono aliyeoza yalitoka pamoja na kile kilichobaki, naye akaugua. Hakuwa na mkataba na kiwanda, na hata pesa hakutoa yeye. Mwaka 1932 Baraza la Mabwana, ambalo wakati huo ndilo lililokuwa mahakama ya juu kabisa ya Uingereza, liliamua kwa kura tatu dhidi ya mbili kwamba mtengenezaji ana wajibu wa uangalifu kwa mlaji wa mwisho. Kwa hiyo ukiwa unakamua juisi na kuipeleka kwenye maduka ya wengine, hesabu kila atakayeifungua hiyo chupa, siyo yule aliyekulipa peke yake.

Anza na jina. Wengi husajili jina la biashara BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara, wakaamini wamejikinga. Jina la biashara ni wewe mwenyewe umevaa kofia nyingine. Hukumu ikitoka, nyumba yako na gari lako vinaweza kufikiwa. Kampuni yenye ukomo wa dhima ni mtu mwingine kisheria, inadaiwa yenyewe. Lakini hapa watu hujidanganya: ikiwa ni wewe uliyeacha mtungi wa gesi unavuja ukaondoka, uzembe ni wako binafsi, na cheti cha kampuni hakiufuti.

Pili, soma mkataba wa pango ukiwa na swali moja kichwani: nani anarekebisha nini? Anayelishika eneo na kuamua nani aingie ndiye mara nyingi anayeulizwa kwanza mtu akiumia ndani yake. Ngazi iliyovunjika, waya ulio wazi, shimo la maji taka lisilo na mfuniko, viandikwe kabla hujapokea funguo, na picha zipigwe. Ukiona hatari halafu mwenye nyumba akachelewa, weka kizuizi huku ukimkumbusha kwa maandishi. Mteja aliyevunjika mguu hatajali ugomvi wenu.

Wafanyakazi ndio wanaonitia hofu kuliko yote. Kosa la mhudumu wako akiwa anafanya kazi yako ni kosa lako pia, hata kama ulimkataza. Kijana wa pikipiki anayepeleka oda akimgonga mpita njia, swali la kwanza litakuwa ni mwajiriwa wako au anajitegemea, na mahakama itatazama hali halisi: nani humpangia saa, pikipiki ni ya nani, hulipwaje. Kumwandika kwenye karatasi kwamba “anajitegemea” hakutoshi. Wafundishe pia kitu ambacho migahawa mingi huona ni cha kawaida: mteja aliyeshindwa kulipa hafungiwi stoo, hanyang'anywi simu, hatangaziwi wizi mbele ya watu. Bili ya elfu nane inaweza kukuzalia madai ya kumzuia mtu isivyo halali na kumchafulia jina. Wafanyakazi wenyewe wakiumia jikoni, kuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2008. Kujisajili ni lazima, na mchango ni wa mwajiri. Usiukate kwenye mshahara wa mtu.

Kuhusu sakafu na jiko, mahakama haikutaki uwe malaika. Inauliza mwenye mgahawa makini angefanya nini. Daftari dogo linaloonyesha saa za kudeki na nani alideki, cheti cha kupima afya cha kila anayegusa chakula, tarehe ya ukaguzi wa mtungi wa kuzimia moto: vitu hivi ni rahisi, na siku ya kesi ndivyo vitakavyokusemea. Mteja naye akionekana alichangia, tuseme alikimbia kwenye sakafu aliyoonywa kuwa imelowa, fidia yake yaweza kupunguzwa.

Vibao vya “uongozi hauhusiki na upotevu wowote” usivitegemee. Mwaka 1949 mahakama ya rufani ya Uingereza iliikatalia hoteli moja iliyojitetea kwa tangazo lililobandikwa chumbani, kwa sababu mgeni alikuwa ameshakamilisha makubaliano mapokezini kabla ya kuliona. Kibao kinachoonya hatari kina kazi. Kinachokana wajibu kinaweza kukuangusha.

Bima ndogo ya gari, ile ya kuwalipa wengine unaowaumiza barabarani, ni lazima kisheria, lakini haihusiani na mtu aliyeteleza ndani. Bima ya moto huenda ikalipa friji zako tu na kuiacha fremu ya jirani iliyoungua. Uliza waziwazi bima inayolipa madai ya wateja na wapita njia, kisha soma yale isiyoyalipa, hasa kuhusu sumu ya chakula.

Mtu akiumia, mpeleke hospitali kwanza. Kisha andika kilichotokea, chukua majina ya walioona, na hifadhi picha za kamera kabla hazijafutika. Madai ya namna hii yana muda wa miaka mitatu, hivyo kumbukumbu zako zisiishi muda mfupi zaidi ya huo. Aliyefariki naye hafi na haki yake. Sheria Sura ya 310 inaruhusu wategemezi wake kudai. Ukidaiwa gharama za matibabu, omba risiti: Mahakama ya Rufani imesisitiza mara nyingi kwamba hasara mahsusi, yaani pesa halisi zilizotumika au kupotea, lazima itajwe kwa kiasi chake na ithibitishwe.

Toa taarifa kwa kampuni ya bima mara moja, kabla hujamwahidi mtu chochote. Na wito wa mahakama ukifika pamoja na hati ya madai, andika tarehe uliyoupokea. Una siku 21 za kuwasilisha utetezi wa maandishi. Zikipita, mdai anaweza kuomba kesi iendelee upande mmoja, na lile daftari lako la kudeki likabaki nyuma ya kaunta bila kusomwa na hakimu.