Kabla hujachomeka chaja, ishike betri kwanza: baridi sana au moto sana, subiri

Mi nipo Moshi, nafunga sola, na kila msimu wa wageni lazima waje waongoza wageni wa Mlima Kilimanjaro na pawabanki zao, fundi hii nimenunua juzi tu mbona haikai na chaji. Namuuliza uliichajia wapi? Barafu Kempu, mita 4,600 na kitu, alfajiri, imelala nje ya hema mpaka imeganda halafu kaichomeka kwenye kipaneli jua lilipotoka tu. Basi hapo hakuna cha kutengeneza.

Iko hivi, betri ya lithiamu, kama ya simu, pawabanki au sola za siku hizi, ikiwa chini ya nyuzi 0 ukaichaji, lithiamu inashindwa kuzama ndani ya grafaiti, yaani kaboni ya upande wa hasi, inabaki juu juu inajipaka kama rangi, nyingi yake hairudi tena kazini, na ukizidi kurudia inaota vijimwiba vinavyoweza kutoboa kile kiplastiki chembamba katikati ya chanya na hasi, ndo shoti yenyewe hiyo. Kuitumia kwenye baridi haina noma sana, asilimia zitashuka haraka ila ikipata joto zinarudi. Tatizo ni kuchaji. Kwa hiyo lala nayo ndani ya slipingi begi, asubuhi ishike, ikiwa bado ya baridi iweke kifuani chini ya jaketi hata nusu saa ndo uchomeke. Na usiipashe kwenye jiko la gesi jamani, yupo aliyefanya.

Sasa nyie wa Dar na Tanga shida yenu ni joto. Mwisho wa kuchaji kwa betri nyingi ni nyuzi 45, na juu ya dari chini ya bati saa nane mchana hapo panapita kirahisi tu, halafu mtu ananiambia fundi betri ya sola ifiche huko juu isionekane. Sifungi. Weka ukutani chini, kivulini, uache nafasi hewa ipite. Pikipiki ya umeme ikitoka mzigoni iache ipoe kwanza. Simu usichajie chini ya mto wala kwenye dashibodi juani, ikichemka vua kava uweke mbele ya feni, friji hapana, inatoka jasho ndani.

Ukinunua betri ya sola ya kupeleka Makete au Njombe kwenye baridi uliza kama BMS yake, ile saketi ya ndani inayoilinda, inakata chaji ikifika nyuzi 0, za bei chee nyingi hazikati.

Iliyovimba usichaji tena, usitoboe, itoe nje uiweke kwenye mchanga mbali na nyumba.