Kisanduku cha kwezi shambani kwenye mikorosho

Kwezi wa mgongo wa zambarau hajui kujitobolea mti. Hutaga kwenye tundu alilolikuta: shimo la zamani la kigong'ota, au tawi lililooza ndani. Huku Newala tukisafisha shamba, miti mikavu ndiyo ya kwanza kwenda kuwa kuni. Basi tumrudishie nyumba.

Anza Septemba, ili mvua zikikaribia kisanduku kiwe kimeshatundikwa.

Tafuta mabanzi ya unene wa sentimita 2. Usirande upande wa ndani, makinda hupandia humo kwa kucha. Sakafu iwe sentimita 15 kwa 15, kimo 35. Mlango ni tundu la upana wa sentimita 5, walau 20 juu ya sakafu, ili mkono wa komba usifike kirahisi. Toboa matundu manne madogo sakafuni maji yatoke. Paa liinamie mbele, litokeze, na liweze kufunguliwa. Usipake oili chafu ndani. Kijiti cha kutulia mlangoni usiweke kabisa: kwezi hakihitaji, adui ndiye anayekikanyagia.

Sasa mahali pa kutundika, na hapa ndipo wengi tunapokosea. Majimoto, wale chungu wekundu wa mitini, ni rafiki zetu, wanawala mbu wa mikorosho, wadudu wanaofyonza machipukizi. Lakini kisanduku changu cha kwanza nilikifunga kwenye mkorosho wao. Nilipofungua paa nikakuta makinda watatu, hata manyoya hayajaota, wamefunikwa na wekundu unaotembea. Niliumia sana. Siku hizi natazama juu kabla sijaegemeza ngazi. Nikiona majani yaliyoshonwa kwa utando mweupe, nahama.

Chagua mwembe au mninga wa mpakani ambao matawi yake hayagusani na mikorosho, maana majimoto hupita juu kwa juu. Ning'iniza mita 3 hadi 4 kutoka chini, kwa waya mbili kisiyumbe, na waya zipake grisi. Mlango uelekee kusini. Mvua zetu huja na upepo wa kaskazi.

Kisha kaa mbali. Ukimwona jike, yule wa kahawia mwenye michirizi, akiingia na jani bichi mdomoni, ujue wamekubali. Mayai huatamiwa karibu wiki mbili, makinda hukaa ndani wiki tatu hivi. Usifungue. Nyuki wakiwahi kuingia, waachie, maua ya korosho yanawahitaji, tengeneza kingine.

Mwezi Mei toa kiota cha zamani, mwagia maji ya moto, anika juani, rudisha palepale.