Namna ya kuteka maji mekundu bila kuyaharibu

Kislo-Sladkoe ni ziwa dogo kando ya Bahari Nyeupe, Urusi, jirani na kituo cha biolojia cha Chuo Kikuu cha Moscow. Zamani lilikuwa hori la bahari. Ardhi ya kule ingali inainuka tangu barafu kuu iyeyuke, basi hori likafungika: maji ya chumvi yakabaki chini, ya theluji na mvua yakakaa juu. Mpakani, mwanga unapofika kwa shida na chini yake kunanuka mayai viza, ndipo wanapojazana Rhodomonas, viumbe wa seli moja wenye mijeledi miwili ya kuogelea. Wakiwa wengi, maji huwa mekundu.

Mimi nilianza kwa kushusha chupa. Nikapata kitu kama juisi ya ukwaju iliyozimuliwa, kwa sababu tabaka ni jembamba kuliko urefu wa chupa yenyewe.

Tumia mpira wa maji. Ufunge kwenye kamba uliyoitia alama kila sentimita 10, mdomo uelekee pembeni, si chini. Usitupe nanga juu ya sehemu unayoteka. Funga mtumbwi kwa kamba mbili ufukweni. Shusha kipimo cha chumvi na oksijeni kwanza, ujue mpaka uko wapi siku hiyo. Kisha vuta polepole kwa bomba la sindano kubwa. Hapa wengi hukosea: mpira wa mita 5 wenye tundu la milimita 6 unabeba takriban mililita 140 za maji ya kina ulichotoka. Mwaga mililita 300 kabla ya kukinga. Mbu watakung'ata, vumilia, ukipiga makofi mtumbwi unayumba.

Chupa zikae gizani, kwenye baridi. Sehemu moja tia iodini ya Lugol, dawa ya kuhifadhi seli, mpaka ifanane na chai ya rangi isiyokolea. Hiyo ni ya kuhesabia tu, maana wekundu utapotea. Formalini mimi siitumii kwa hawa: wengi hupasuka au kupoteza mijeledi.

Sehemu nyingine itazame hai siku hiyohiyo, kwa ukuzaji wa mara 400. Watapita wakijizungusha, na mmoja akishtuka ataruka ghafla kando. Taa ya darubini huwapika. Ukiona wanatulia na kuwa duara, zima, weka tone jipya.