Hatimiliki ya kimila ya shamba: anzia kwa jirani, wilayani ni mwisho

Wengi wanaonifuata kuhusu hatimiliki ya kimila, yaani hati ya kumiliki shamba kwenye ardhi ya kijiji, huanza na swali la ofisi ya ardhi: iko jengo gani, nimwone nani? Huwa nawarudisha kijijini. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya Tanzania, Na. 5 ya mwaka 1999, anayekupa hati ni halmashauri ya kijiji chako. Wilayani wanaisaini, wanaigonga muhuri na kuisajili. Katika miaka ya kupima mashamba vijijini nimeona maombi mengi yakikwama, na karibu yote yalikwama kabla hata faili halijapanda gari.

Hatua ya 1: Muulize mtendaji wa kijiji maswali matatu

Je, kijiji kina cheti cha ardhi ya kijiji? Kina mpango wa matumizi ya ardhi? Kina masijala, yaani chumba salama cha kutunzia hati? Kikikosa cheti, subiri na uwasumbue viongozi wako, maana mipaka ya kijiji chenyewe haijathibitishwa. Kwenye mpango, angalia shamba lako limeangukia wapi. Likiwa ndani ya eneo la malisho au msitu wa kijiji, hilo ni la kumaliza kwanza na halmashauri ya kijiji.

Hatua ya 2: Tembea mpaka pamoja na majirani

Hapa usiwe na haraka. Waite majirani wa pande zote, wazee wanaokumbuka shamba lilivyogawanywa, na wajumbe wa kamati ya uhakiki, inayothibitisha mipaka na mwenye shamba. Kamati hiyo huchaguliwa na mkutano mkuu wa kijiji. Haizidi watu 9, na wanawake wasipungue 4. Mzunguke wote kwa miguu, kona kwa kona. Kila kona pandeni kitu kisichokufa upesi: mkonge, mnyaa, au isale kwa waliozoea masale. Jiwe peke yake halitoshi, kwa sababu jiwe lina miguu.

Jirani akiwa safarini, usipime. Mngoje, au amtume ndugu mwenye barua iliyopitia kwa mwenyekiti wa kitongoji. Mimi mwenyewe niliwahi kupima shamba wakati wa masika, jirani mmoja hayupo, mpaka ukiwa kijito. Kiangazi maji yalipokauka, mfereji wa zamani ukaonekana hatua kadhaa ndani ya upande wa mteja wangu. Jirani aliporudi tulianza upya, na safari hii hakuna aliyetupikia chai.

Mkishindwa kuelewana, pelekeni shauri baraza la ardhi la kijiji mkasuluhishwe. Usipime juu ya ugomvi ukidhani hati itaumaliza.

Hatua ya 3: Jaza Fomu Na. 18

Ndiyo fomu ya kuombea hati, na inapatikana kwa mtendaji. Majina yafanane herufi kwa herufi na kitambulisho cha taifa. Ukiitwa Mama Neema mtaani, hapa andika jina lako. Kama shamba ni la mke na mume, waandikwe wote wawili na picha zao wote. Wanaume wengine huniambia "tutamwongeza baadaye." Baadaye hiyo sijaiona ikifika. Mwanamke anayeomba peke yake naye ana haki ileile, na sheria inakataza ombi lake kupimwa kwa mizani tofauti.

Ukitakiwa kulipa ada, omba namba ya malipo ya serikali na utunze risiti. Pesa ya mkononi isiyo na risiti usitoe.

Hatua ya 4: Fuatilia vikao

Halmashauri ya kijiji ina siku 90 za kuamua tangu ipokee ombi lako. Lakini haiwezi kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu, nao kwa kawaida hukaa kila baada ya miezi mitatu. Kwa hiyo wasilisha fomu wiki kadhaa kabla ya mkutano, ombi lako lipate nafasi kwenye ajenda. Hudhuria. Kisha hakikisha muhtasari umeandikwa, una jina lako na ukubwa wa shamba, na umesainiwa. Muhtasari usiosainiwa ndio unaorudisha mafaili mengi kuliko kosa lolote la vipimo.

Hatua ya 5: Saini na usajili

Mwenyekiti na mtendaji husaini, nawe unasaini au kuweka dole gumba chini ya kila ukurasa. Soma kabla ya kusaini: jina, ekari, majirani wa pande nne. Kosa likirekebishwa hapo ni kazi ya kalamu. Likishasajiliwa ni safari za nauli. Baada ya hapo afisa ardhi wa wilaya anasaini, anagonga muhuri na kusajili. Nakala moja ibaki masijala ya kijiji, moja wilayani, moja kwako.

Wakulima hupenda kuipeleka hati ikapakwe nailoni stesheneri. Mimi nawashauri waitie tu kwenye bahasha ya plastiki, kwa sababu siku ya kuuza au kurithisha utairudisha kwa halmashauri ileile ya kijiji, na muhuri haushiki juu ya nailoni.