Namba ndefu: igawanyike kwa 7, 11 au 13?

Usihangaike na kugawanya kirefu. Ikate namba tarakimu tatu tatu kuanzia kulia, kisha toa na kujumlisha kwa zamu. Chukua 624,853,320: 320 toa 853 jumlisha 624, unapata 91. Sasa 91 ni 7 mara 13, basi namba nzima inagawanyika kwa 7 na kwa 13 bila baki, ila kwa 11 haikubali. Ukipata hasi, ipuuze alama. Ukipata 0, zote tatu zinaingia. Siri iko kwenye 1001, ambayo ni 7 × 11 × 13. Kwa 3, jumlisha tu tarakimu: hapa 33, inakubali. Kosa la wengi ni kuanza kukata kushoto.