Kuwasha pampu ya mbali kupitia seva ya Jabber

Binamu yangu ana Raspberry Pi (kompyuta ndogo) kwenye kisima cha shambani. Inatumia modemu ya laini ya simu, haina anwani ya umma, kwa hiyo huwezi kuifikia moja kwa moja ukiwa mjini. Yenyewe lakini inatoka nje bila shida. Basi tuliziingiza Pi na laptopu kwenye seva moja ya XMPP (itifaki ya kutumiana ujumbe, ndiyo hiyo Jabber), zikutane humo.

1. Seva
Weka Prosody, programu ya seva ya XMPP, fungua akaunti mbili kwa prosodyctl adduser: pampu na ofisi. Wapo wanaopenda ejabberd, seva nyingine ya aina hiyo. Kwa mashine mbili mimi sijisumbui nayo.

2. Maktaba
Slixmpp, ya Python. Washa xep_0009, yaani Jabber-RPC: wito wa kuiagiza mashine nyingine ifanye kazi unaandikwa kwa XML-RPC (muundo wa XML wa wito kama huo) na kubebwa ndani ya IQ, ombi la XMPP linalodai jibu. Usitume JSON kwenye meseji za kawaida. IQ lazima ijibiwe, na jibu hurudi na id ileile. Ukitumia meseji utayabuni hayo yote upya.

3. Kuita
Hapa tulikesha. Tuliita kisima.kina, kazi iliyo kwenye Pi, kwa pampu@shamba.example, papo hapo likarudi kosa la service-unavailable. Pi iko hewani, na meseji za kuchati zinafika!

Kumbe IQ inayokwenda kwa anwani isiyo na mkia (resource, yaani sehemu ya baada ya / inayotaja mashine) hujibiwa na seva yenyewe kwa niaba ya akaunti, haifiki kwenye mashine. Meseji hufika, ndiyo maana unadanganyika. Andika anwani nzima: pampu@shamba.example/kisima.

Hata hivyo usiuamini mkia ulioomba. Seva inaruhusiwa kukupa mwingine, kwa hiyo baada ya session_start (tukio la kuunganishwa) chapisha self.boundjid.full uone ulichopewa. Na usiache nakala mbili za programu zikiendeshwa kwa mkia mmoja: Prosody, kama hujaigusa mipangilio yake, humfukuza aliyetangulia. Naye akijiunganisha tena anamfukuza mwenzake, na kadhalika hadi asubuhi. Yetu moja ilikuwa imejificha kwenye systemd, kiendesha huduma cha Linux.

4. Namba
Namba kamili za XML-RPC ni za biti 32, mwisho wake 2147483647. Namba ya simu inayoanza na 255 haiingii. Itume kama maandishi.

5. Ruhusa
Anayeijua anwani nzima anaweza kuita. Kabla ya kuwasha pampu kagua iq['from'].bare, asiyekuwa kwenye orodha yako mrudishie kosa la forbidden.